Mlango Mfupi wa Thimlich

Mjukuu wangu Atieno,

Usicheke. Nimemaliza shule juzi tu, lakini nimebeba jina la nyanya yetu, kwa hivyo wewe ni mjukuu. Huku sote wazima.

Umeniuliza utasomaje shairi mbele ya darasa bila kuogopa. Siku yangu ya kwanza kuongoza wageni kwenye kuta za mawe za ngome ya kale ya Thimlich, maneno yote yalinitoroka. Nikajua kazi imekwisha. Tulipoinama kuingia, mzee mmoja akagonga kichwa.

"Nyathina, mwanangu, mbona mlango mfupi hivi?"

"Ili adui atangulize kichwa, baba."

"Basi mimi nimeshakufa!"

Wakacheka, nami nikapumua. Mengine yakaja yenyewe. Nilikuwa nimemjibu mtu mmoja tu, Atieno. Nawe mtafute mmoja, umsomee yeye.

Nyanya yako mdogo,
Aoko