Chupa ya Nyanya ya Wanjiru

Jumatatu, 10 Februari
Bado nachemsha. Nyanya sokoni Kangemi ni bei ya kutupa wiki hii, na Ramadhani iko mlangoni. Mwezi ukiandama tu, zitapanda. Nachuja, natia kwenye chupa kuukuu za jemu, nazirudisha kwenye maji ya moto. Gesi inaishia. Chupa za mwisho nimezitoa kabla ya wakati wake. Ah, zitakaa tu.

Jumanne, 11 Februari
Wanjiru, jirani wa mlango wa pili, kapita kuaga. Yeye na mumewe wanaenda kwao Murang'a. Mimba kubwa sasa. Nimempa chupa moja, ya zile za mwisho, ndizo zilizokuwa karibu. Nampenda huyu msichana, hana makuu.

Ijumaa, 14 Februari
Vifuniko viwili vimevimba. Nimefungua kimoja: fyuu! Povu, harufu ya kuoza. Ni zile za mwisho. Nimezimwaga zote. Moja iko Murang'a.

Nimempigia. Hapatikani. Mumewe vilevile.

Jumamosi, 15 Februari
Hapatikani. Nimejaribu kutuma ujumbe asile ile nyanya. Unakataa kwenda. Mwanangu Saidi anasema namaliza chaji bure. Nimemfokea, maskini. Nimesali, nimesahau rakaa, nimeanza upya. Mjinga mimi! Kubania gesi, kumbe nampa mja mzito sumu.

Jumapili, 16 Februari
Sijala. Kila nikisikia miguu kwenye ngazi natoka. Si wao.

Jumatatu, 17 Februari
Wamerudi. Mzima! Kumbe stima ilikatika kwao, simu zikazima. Nilimkumbatia hadi akashangaa. Nikauliza ile chupa.

Akaangalia chini. "Usiskie vibaya, Mama Saidi. Mathe wangu alimwaga. Alisema watu wa Coast wana majini, nisikule kitu yao nikiwa na mimba."

Alhamdulillahi. Halafu moyo ukawaka. Majini! Mimi! Miaka yote hii tunaombana chumvi.

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini siku tatu moyoni nilikuwa nimeshamzika. Nikamwambia yote: gesi, vifuniko, povu. Kwamba angekula, angeumia, na kosa ni langu. Akaweka mkono tumboni. Akasema sawa. Akaingia kwake, akafunga mlango polepole.

Nimeosha vyombo. Nimekunja nguo. Namsikia ukutani akiongea na mama yake kwenye simu, kwa Kikuyu. Neno moja tu ndilo ninaloelewa. Majini.