Mshahara wa Baba Ukumbini

Jumamosi usiku

Yule MC amenikera mpaka sasa.

Leo kwenye sendofu ya kumuaga mdogo wangu Neema kabla ya harusi, hapa Shanwe, wakati wa kumtunza bi harusi ulipofika Baba alisimama akambandika mwanaye noti zake za zamani. Ndio mshahara wake wa mwisho wa jeshi, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Kongo. Sokoni walizikataa wiki ileile aliyolipwa. Amezihifadhi miaka yote, hana kingine cha vita vile zaidi ya kovu.

MC akapayuka kwenye maiki: "Mzee, hizo za kuchezea watoto!" Ukumbi mzima ukacheka. Hata shangazi! Baba akarudi kukaa.

Wageni walipoondoka, MC akanifuata kudai malipo yake. Nikambandua Neema zile noti, nikamwekea MC mkononi.

"Dada, hii siyo hela."

"Baba naye aliwaambia wakubwa wake jeshini hivyohivyo. Walimpiga mpaka akapokea."

Akanirudishia zile noti. Nikampa hela yake halali, akaondoka.

Baba hajalipwa mpaka leo.