Abiria wa Basi la Asubuhi

Jumatatu, 13 Oktoba

Soko la Guangyuan Xilu tangu asubuhi. Magauni ya watoto, marobota matatu. Laoban, Mchina mwenye duka la kona, kaliona tumbo, kanipa kigoda, lakini bei hakupunguza. Kila nikiomba, "Mei you." Hakuna. Miguu imevimba kama maandazi.

Jioni nimefua shuka za chumba kidogo. Mama mkwe akija atalala humo. Mama yangu alifariki nikiwa msichana, dada sina, na arobaini ya uzazi haikaliwi peke yako. Namtaka yule bibi. Nimechoka kujifanya naweza bila yeye.

Jumatano, 15 Oktoba

Mume wangu Iqbal kampigia mama yake simu ya video kijijini, Gujarat. Wao na lugha yao, mimi nasoma nyuso. Kakataa kuja. Tena. Kwanza nyati wake wa kufugwa hana wa kumkamua. Kisha goti. Leo hata kisingizio hakutoa.

Iqbal Kiswahili alikiokota kwa wateja wetu wa jengo la biashara la Tianxiu Dasha. "Mama hapana taka, Zulfa. Wewe usikasirike."

Nimekasirika. Mjukuu wake wa kwanza! Labda hataki mjukuu mweusi. Nimeandika, na liwe.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemhoji Iqbal juu ya kijiji chao kama ninavyomhoji mteja mzigo wake unakokwenda. Watu wangapi, njia ipi.

Nyumba nyingi zina kufuli. Vijana wako Surat, Dubai, huku. Waliobaki ni wazee, na watoto wachache. Treni haifiki, stesheni iko mjini, mbali. Lipo basi moja la serikali. Asubuhi linakwenda, jioni linarudi.

Nikasema mkataa kwao mtumwa, sawa, lakini hapo mtu anang'ang'ania nini? Kanuna. Kaondoka chai hajaimaliza. Sijutii.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimemwambia Iqbal apige simu mbele yangu, amuulize mama yake waziwazi: ananikataa mimi?

Bibi kajiziba mdomo kwa mtandio. Kisha kaongea sana. Iqbal alikuwa akitafsiri, mara akalia.

Basi lilitaka kuondolewa. Abiria hakuna. Ndipo wanawake wa kijiji wakapangiana zamu. Kila asubuhi kuna wanaopanda kwenda mjini bila shughuli yoyote, nauli wanalipa, wanakaa kwenye benchi la stendi na vyakula vyao, jioni wanarudi. Ili kondakta awe na wa kumkatia tiketi. Basi likiondolewa, mabinti wa kijiji hawaendi sekondari, na mwenye uchungu hafiki hospitali. Bibi ana Jumatatu na Alhamisi. Mwenzake wa zamu alihamia kwa mwanawe. Bibi naye akiondoka, siku hizo basi tupu.

Iqbal hakujua. Mama yake alimficha, asije akamwambia aache upuuzi.

Mimi nimemwelewa kabla tafsiri haijaisha. Konteina letu la kuchangia na wateja haliondoki mpaka lijae. Mara ngapi nimetia robota lisilo na faida ili tu liondoke? Nimeona aibu kwa nililoliandika Jumatano. Silifuti. Lakini chumba kidogo kitabaki kitupu, na hilo linaniuma vilevile.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Sokoni sikwenda. Iqbal kauliza shirika la ndege, hata kwa tumbo hili bado wananichukua, nisichelewe tu. Viza tumeshaomba. Magauni atayasimamia yeye.

Mchana tumempigia bibi, yuko stendi kwenye zamu yake. Nimemwambia nakuja mimi. Nitajifungua hospitali ya mjini, arobaini nitaikalia kwake. Nilidhani atalia. Hakulia. Kauliza jambo moja tu, kama safari za basi hunitapisha.

Nimesema hapana.

Kanipangia Alhamisi.