Naomba Mvua Ichelewe

Lewisham, London
Jumatano

Dada yangu Kabula,

Shikamoo dada. Mnaendeleaje hapo nyumbani? Mgongo wa shemeji umepona, au bado anaamka ameushika? Na mguu wa shangazi je? Sisi huku miili mizima. Mwanangu Neema ananifika begani sasa. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa vizuri tu, lakini anajibu Kiingereza, utafikiri nilimwokota uwanja wa ndege. Mimi, nisikufiche, naogopa. Wiki ya pili hii simu ikilia nashtuka.

Uliniambia niandike, kwa kuwa mwenyekiti wa kijiji anataka karatasi yenye wino na sahihi yangu, hataki tena mambo ya sauti za simu. Karatasi yake nimeiweka humu humu kwenye bahasha, imekunjwa peke yake. Hii ni yako, usimsomee mtu. Uliponiuliza, "Minza, ulirogwa?" nilikata simu nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzima, dada. Leo nataka kukujibu.

Siku ile baba mdogo Masanja alinipigia nikiwa kazini, kwa Bibi Joan, yule mzee wa Kizungu ninayemtunza. Unamjua baba mdogo akianza na "mwanangu" ujue kuna jambo. Akasema, "Mwanangu, dada yako ameharibu shamba. Kwenye mahindi kapanda maharage ya fiwi yanatambaa kila mahali, mabua hataki yachomwe, na ngitili ya mama yenu, yale malisho yake ya akiba, kaiacha nyasi ziko kiunoni. Watu wanasema ni pori, wenyewe mmelitelekeza. Kijiji kitaligawa. Nilete trekta lipite kote mvua ya kwanza ikinyesha, au unataka siku ya kurudi usiwe hata na pa kuzikwa?"

Hapo kwenye kuzikwa ndipo aliponimaliza. Niko huku mwaka wa kumi na moja, nimewafulia na kuwaogesha wazee wa watu, na kila nikichoka najiambia kwetu kupo. Nikajifungia bafuni kwa Bibi Joan, nikamtumia sauti: "Sawa baba, limeni tu, hata ngitili, mradi lisichukuliwe." Sikukuuliza wewe unayeamka hapo kila siku. Wewe na akina mama wenzako wa kikundi mliofundishwa jinsi fiwi zinavyofunika udongo na kuulisha! Niliogopa nikasema, basi. Na sasa unaniambia sauti hiyo anaichezesha mpaka mashineni, wanawake wakisubiri kusaga. Aibu yangu, dada. Nisamehe.

Sasa sikiliza kilichonitokea Jumamosi iliyofuata. Bibi Joan ana shamba aliloachiwa na baba yake huko Kent, amelikodisha. Aliomba nimpeleke kwenye mkutano wa wanawake wenye mashamba, kwenye ukumbi wa kanisa. Nikamsukuma na kiti chake mpaka mbele, mimi nikakaa karibu na birika la chai. Wee! Kumbe na wao wana darasa lenu lile lile: wakishavuna wanapanda mazao ya kufunika ardhi isibaki uchi, na nyasi za asili wanazilinda. Mama mmoja akalalamika kwamba majirani wanamwona mvivu, hajui kusafisha shamba. Nikacheka kimoyomoyo. Nimepanda ndege nije kusikia maneno ya Kabula.

Halafu mwalimu wao akaleta mitungi miwili ya kioo yenye maji na madongoa mawili ya udongo. Moja limetoka shamba linalolimwa kila mwaka, la pili limetoka kwenye nyasi ambazo hazijawahi kuguswa na jembe. La kwanza halikumaliza hata dakika, likamumunyuka kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, maji yakawa tope. La pili likakaa zima, mizizi imelishika. Akasema nyasi za namna hiyo ukizilima siku moja, unaweza kuzipanda tena, lakini kuziona zilivyokuwa, labda wajukuu zako. Dada, nilikuwa nimeshika jagi la maziwa ya chai. Nikamwaga maziwa yote mezani. Nilikuwa namwona mama anavyozunguka ngitili yake na fimbo, akifukuza hata ndama wetu wenyewe. Unakumbuka ule mwaka wa ukame, ng'ombe wa watu wanaanguka njiani, na wa kwetu wamesimama kwa sababu ya nyasi zile? Tulikunywa maziwa mwaka ule. Na mimi nimesema limeni tu.

Nikiwa nafuta maziwa, yule mwalimu akaniinamia kwa upole: "Na wewe, una shamba?"

Nikajibu, "Hapana. Mimi ni mhudumu tu."

Hati ya kimila ya shamba lile ina majina yetu mawili, Kabula na Minza, na vidole vyetu tulivyochovya wino siku moja. Nikaikana mbele za watu. Lakini hata sisi wenyewe, tukiulizwa, si huwa tunasema "shamba la baba"? Bibi Joan alinisikia. Nimemsimulia shamba lile mpaka majina ya ng'ombe anayajua, na ile simu ya baba mdogo pia. Tulipokuwa kwenye teksi akaniuliza, "Kama si lako, uliwezaje kumruhusu baba yako mdogo alilime?"

Nikatoa simu humo humo kwenye teksi, nikampigia baba mdogo.

Tangu siku hiyo nampigia baba mdogo, hapokei. Nimemtumia sauti ya kukanusha, naona kabisa ameisikiliza, kimya. Najua trekta linasubiri ardhi ilainike. Kwa hiyo kila saa nafungua simu kutazama hali ya hewa ya kwetu. Nikiona kawingu kamechorwa hapo, nakaa chini. Jumapili kanisani, Mama Eliza, huyu anayekuletea barua, alisimama akasema tuombee mvua nyumbani, watu wanaangalia juu tu. Kanisa zima likaitika Amina. Mimi nikafunga mdomo. Binti wa mkulima, nimefunga mdomo! Moyoni naomba ichelewe, siku nane tu, siku kumi, mpaka karatasi ifike. Na mbegu zako ziko ndani ya udongo mkavu zinaisubiri hiyo hiyo mvua. Naogopa Mungu atanisikia, na naogopa hatanisikia.

Ile ya mwenyekiti nimeandika hivi: "Mimi Minza, binti wa marehemu Shija, ni mwenye ardhi hii pamoja na dada yangu Kabula. Ngitili ile si pori. Tumeifunga sisi wenyewe, kama mama yetu alivyoifunga, na hailimwi. Maneno niliyoyasema kwenye simu niliyasema kwa woga, nayafuta." Kwenye "mwenye ardhi" nilisimamisha kalamu, utaona doa la wino. Niliacha hivyo hivyo. Mwombe aisome mbele ya mkutano, na baba mdogo akiwepo. Mwamkie kwanza, usigombane naye, ni baba yetu.

Na kama trekta limeshapita, usipoteze muda kunilaumu. Nyasi za pembezoni bado zitakuwa na masuke. Chukua kiroba, wewe na akina mama wenzako, mkayapukuchue tupate mbegu za kupanda tena, kabla ng'ombe hawajaingia.

Msalimie shemeji, mwambie dawa ya kuchua nimempa Mama Eliza. Msalimie shangazi yetu mlezi, na huyo mwanao wa mwisho anayejifanya amenisahau. Akina mama wa kikundi waambie nimewakosea, nitawaomba radhi kwa mdomo wangu nikija.

Mwenyekiti akishaisoma, nitumie neno moja tu, "tayari", nianze tena kuomba mvua.

Mdogo wako mwenye hofu,
Minza