Ngolo Mahali Tambarare

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukiona mwandiko unapinda ujue ni uzee, si pombe, kwa maana nina miaka sabini na minane, moyo umechoka, daktari amewaambia wanangu wasinihangaishe tena na safari, na paroko ameahidi kuja kunipaka mafuta, lakini sitaki kupakwa mafuta nikiwa na jambo hili kifuani.

Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na minne, kwanza Liuli kule ziwani, halafu hapa Mbinga mjini. Mwaka 1986 nyumba ya wageni iliyokuwa jirani yangu ilibomolewa, nami nikapewa kiwanja chake, na kule nyuma likabaki shimo la choo cha kuvuta, shimo kubwa la zege, lenye kina cha kumfunika mtu na kubaki, na mfuniko wake umepasuka katikati. Niliagizwa nitoe uchafu, nijaze mawe, ndipo nitumie eneo, nikasema ndiyo, na nilikusudia kweli, lakini mawe ni mazito na kesho ni nyepesi, basi nikalaza magogo juu ya ule ufa, nikaweka nyasi na udongo, na ili pasionekane pamevimba nikalima ngolo kiwanja kizima nikapanda maharage.

Wewe uliye mbali huenda huijui ngolo. Ni kilimo chetu Wamatengo: tunalaza nyasi kwa miraba, tunazifukia kwa udongo, katikati ya kila mraba panabaki shimo la kuzuia maji ya mvua yasiteremke na udongo wetu. Ni kilimo cha mlimani. Kiwanja changu kilikuwa tambarare kama meza.

Mke wangu Gertruda, Mungu amrehemu, alisimama na jembe begani akacheka.

"Mwalimu, ngolo mahali tambarare! Maji unayazuia yasiende wapi?"

"Lima, mama Victor. Acha siasa."

Msimu wa tatu alipokuwa akipalilia, mguu wake ulizama mpaka gotini. Nikamvuta.

"Shamba gani hili linalomeza watu?"

"Linameza wavivu tu."

"Basi wewe lingekwisha kukumeza zamani."

Tukacheka wote wawili, na kesho yake nikaongeza magogo mengine badala ya mawe. Alikufa bila kujua alikuwa amesimama juu ya nini.

Ikaja biashara huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wakafurika mjini, kila mtu akataka kiwanja, nami mwaka 1994 nikatangaza kuuza. Walikuja ndugu wawili kutoka Matiri, wakazunguka, mmoja akatikisa kichwa akaniuliza, "Mwalimu, hapa chini pana nini?" nikasema hapana kitu, wakaaga kwa adabu na hawakurudi. Hapo nikafahamu kwamba hakuna Mmatengo atakayenunua, kwa sababu kila mmoja atazisoma ngolo zangu kama mimi nilivyosoma madaftari yao. Basi alipokuja Edina, mjane, Mnyasa wa Liuli, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye huleta usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, na kuwauza hapa sokoni, mwanamke ambaye hakulelewa kwenye ngolo, akasema, "Mwalimu, una shamba zuri," mimi nikampa kalamu atie sahihi. Hilo ndilo ninaloungama, mshauri, kwamba haikutokea tu akawa yeye, nilimchagua.

Miaka mitatu alikuwa akikusanya matofali. Mwezi wa Machi mwaka huu ameanza kuchimba msingi, na fundi wake Jastini akagonga kona ya zege. Edina akaja kwangu mbio, matope mpaka viwikoni.

"Shikamoo Mwalimu! Tumepata tangi!"

"Marahaba. Tangi gani?"

"La zege, kubwa! Si wewe ulilima pale miaka yote? Lilikuwa la nini?"

Ulimi wangu ukasema, "La maji ya mvua. La zamani hilo."

"Mtazame Mungu! Mimi nabeba ndoo kutoka bondeni, kumbe nina tangi uani!"

Sasa anasubiri mvua zikatike mwezi wa Mei, Jastini alifungue, ateremke ndani kwa ngazi, alisugue. Na mimi ndiye niliyemfundisha Edina somo la afya, mimi ndiye niliyeandika ubaoni kwamba shimo la choo lililofungwa miaka mingi lina hewa inayomwua mtu kabla hajapiga kelele.

Kila asubuhi ananiletea supu ya usipa, ananiamkia shikamoo, nami naitikia, na lile marahaba linanikwaruza koo kuliko dawa. Nilimwambia paroko kwamba nimesema uongo, naye hakuuliza uongo gani. Mwanangu Victor amekwisha kulundika mawe na mifuko minne ya saruji kwa ajili ya kaburi langu, anataka liwe refu, waandike Hapa Amelala Mwalimu. Nitamwangaliaje? Mji mzima utasemaje? Nakuuliza: nimwambie Edina, au niache barua isomwe baada ya maziko?

Mwalimu K., Mbinga
9 Aprili 1997

*

Mzee wangu, shikamoo. Nimeitanguliza heshima kwa sababu huko mbele nitakuwa mkali.

Edina anafika mlangoni kwako kila asubuhi. Mimi niko mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Ukaacha kumwambia yeye ukaniandikia mimi, tena kwa posta, katikati ya masika, barabara zikiwa katika hali unayoijua. Barua yako imenifikia tarehe 2 Mei. Wewe ni msomi, unajua kuhesabu siku. Nadhani ulitumaini jambo lijimalize lenyewe njiani.

Kwa hiyo nimevunja desturi ya safu hii. Sikungoja gazeti. Ulikuwa umeandika majina kamili kwenye karatasi ya pili, nami asubuhi ileile nikampigia simu bwana afya wa huko. Alikwenda kwa miguu. Alimkuta Jastini amekwisha kuondoa magogo yako na ngazi imeegemezwa ukingoni, anamalizia chai. Sikiliza hilo vizuri, mzee. Mtu yule ni mzima kwa sababu ya kikombe cha chai.

Pole kwa maradhi, na pole kwa Gertruda, ambaye kwa maneno yako mwenyewe alikuwa na akili kuliko wewe. Unastahili huruma kwa kuwa umesema lile usilolazimika kulisema, kwamba ulimchagua mjane yule kwa sababu hawezi kuisoma ardhi. Wengi wangeishia kwenye magogo.

Lakini barua ya baada ya maziko, hapana! Maiti hajibu maswali. Edina atataka kuuliza, na ana haki ya kujibiwa na mtu anayepumua.

Sasa fanya hivi. Mwite Victor leo, umwambie yeye kwanza, ili akusaidie usije ukarudi nyuma. Shimo lile lisiingiwe na mtu yeyote, hata kwa dakika moja, hata kwa kamba kiunoni, wala asiwashe mtu kiberiti hapo. Liachwe wazi, lizungushiwe miiba na miti. Uchafu utolewe kutoka juu, kwa usimamizi wa bwana afya; yeye anajua utamwagwa wapi. Chokaa imwagwe ndani. Sakafu itobolewe kutoka juu kwa mtaimbo mrefu, maji yasisimame tena, kisha lijazwe mawe na kifusi, tabaka kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe. Maji ya kunywa yasiwekwe humo kamwe. Na msingi wa nyumba usogezwe mbali na kona ile. Gharama ya kuchimba upya ni ya nyumba yako, si ya Edina.

Mawe unayo. Yako uani kwako pamoja na mifuko minne ya saruji. Mwambie Victor ayapeleke yote. Wewe kaburi la udongo linakutosha, kama linavyowatosha wengi waliokutangulia. Mawe hayo yamechelewa kazi yake miaka kumi na mmoja.

Bwana afya hakumtaja mtu. Aliniambia Edina alimuuliza jambo moja tu: "Ni nani aliyejua?" Akamjibu kwamba atakuja kuambiwa na mwenyewe.

Kesho asubuhi ataingia na bakuli la supu, atakuamkia kama kawaida. Usiitikie. Mwambie kwanza, yote, na ngolo zako zote. Kisha nyamaza, mwache aamue kama atakupa shikamoo nyingine. Akikupa, ndiyo uiitikie.