Mipangirio kwa R

Wafula rafiki yangu,

Tangu tukuzike Bokoli, meza yako hapa ghalani Kitale hakuna anayeikalia. Wanaiwekea sampuli za mahindi. Chai ya saa nne ikija bado naitisha vikombe viwili, halafu nakumbuka, na chako kinapoa mbele yangu. Watu wamejaa ofisini, Wafula, na mimi niko peke yangu.

Wiki jana ilinibidi kulitoa jina lako. Lilikuwa bado linachapishwa chini ya kila ripoti, hapa na kwenye ghala la Bungoma, hata mkulima mmoja wa Mabanga akauliza, ati marehemu anatia sahihi namna gani?

Unakumbuka nilivyokuwa nikiandika kiwango cha unyevu wa mahindi ndani ya kila swali tunaloiuliza kompyuta? Kiwango kikibadilika, nawinda swali baada ya swali, moja linanikwepa, na Bungoma wanakataa mahindi ambayo Kitale tungeyapokea. Ndipo ukatengeneza jedwali la mstari mmoja tu: unyevu, uzito wa gunia, msimu, jina la msimamizi, yaani lako. Swali lisitembee na jibu mfukoni, ulisema, liende likaulize hapo. Ukibadilisha mara moja, kote kumebadilika.

Basi nilibadilisha mara moja. Kote kukabadilika. Kitale, Bungoma, mpaka ripoti za misimu iliyopita nilipozichapisha upya. Ile kazi uliyonirahisishia ikawa ndiyo ya kukufuta, na haikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi. Nililia pale pale, wakulima wakinitazama.

Halafu meneja mpya akaliona jina la jedwali lenyewe. MIPANGIRIO. Akasema hilo ni kosa, ni mipangilio kwa L, nilirekebishe. Mimi nikaikumbuka siku ulipoliandika, nilivyocheka mpaka nikashika ukuta, nawe hata hukugeuka: "Cheka tu, bana. Komputa haijui mimi natoka Bokori."

Nilimwambia meneja haiwezekani. Kila swali linaliita jedwali kwa jina hilo, tukiligusa maghala yote mawili yatasimama, na msimu ndio huu umeanza. Aliogopa, akaniacha. Wewe ungejua nadanganya. Ni kazi ya siku moja, mbili nikizubaa.

Sikuweza. Jina lako lilishatoka kwa mkono wangu huu, na hiyo R ndiyo iliyobaki.

Kwaheri, ndugu yangu. Pumzika huko kwenu. Nakuahidi nikiwa hapa hakuna atakayeigusa, na atakayekuja baada yangu nitamfundisha alitamke jina la jedwali hivyo hivyo. Kila gunia likipimwa, Kitale au Bungoma, kompyuta inaenda kuuliza unyevu, na inauliza kwa mdomo wako.

Ni mimi,
Nekesa