Plasta ya Pili

Baba Watoto,

Nimempeleka mama yako hospitali. Plasta za dawa nilizombandua, zilizo kwenye sahani, usiziguse. Ukizishika kisha ukajifikicha macho, utaona ukungu.

Asubuhi alikuwa na mdomo mkavu, anatunga uzi kwenye sindano isiyokuwepo, ananiuliza mimi ni binti wa nani. Ukanifokea, “Umemlisha nini mama yangu?” ukabamiza mlango.

Nilipomnawisha nikaona. Nyuma ya sikio la kushoto, plasta niliyombandika jana asitapike safarini. Nyuma ya la kulia, yako. Hukuuliza, nami sikukwambia. Mzee wa watu, dozi mbili!

~~Usije.~~ Njoo, na miwani yake.

Daktari akiuliza nani kabandika ya pili, nitasema ni mimi. Lawama nimeshazibeba tangu asubuhi.

Mama Watoto